Mwaka Usio na Rais: Kura za Kaunti ya Harris

(Maneno haya niliyasema jioni ya Jumamosi mbele ya Waswahili wenzangu hapa kusini-magharibi mwa Houston. Waliokosa kufika waliniomba niyaandike. Nimeondoa tu mahali nilipokatizwa na watoto waliokuwa wakigombea soda.)

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, kaka na dada zangu, na nyie vijana mliojibanza huko nyuma karibu na chupa za chai, hamjambo.

Niliombwa nizungumzie uchaguzi, na mwenye kuniomba akanionya nisimpigie mtu kampeni. Kwa hiyo jina la wa kumchagua hamtalisikia kwangu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2013 niliapa kuwa raia wa nchi hii. Suti niliazima, kibendera nilipewa mlangoni, na jioni tulikula pilau mpaka majirani wa juu wakagonga sakafu. Mwaka uliofuata, Novemba 2014, kulikuwa na uchaguzi, nami sikupiga kura. Ningekuwa nimegoma, afadhali. Sikujua hata kama upo. Nilikuwa nafanya zamu ya usiku ghalani, nikirudi asubuhi nalala, na kichwani mwangu uchaguzi wa Marekani ulikuwa jambo moja tu: Obama. Na Obama si alishachaguliwa 2012? Basi, mpaka 2016 tena.

Kumbe Jumanne ile nilipokuwa nakoroma walikuwa wanachagua gavana wa Texas, mkuu wa kaunti yetu, na majaji wa mahakama ambazo mtoto wako akikamatwa ndiko atakakopelekwa. Sikukoroma peke yangu. Kwenye daftari la wapiga kura la Kaunti ya Harris, hii yetu ya Houston, katika kila watu watatu, wawili hawakwenda. Waliokwenda walikuwa kama 688,000, sawa na asilimia 34 hivi. Na isiwe kwamba ni sisi tu: nchi nzima ya Marekani, uchaguzi ule wa 2014 ndio uliopata watu wachache zaidi tangu 1942, mwaka ambao vijana walikuwa vitani.

Sasa, huu uchaguzi wa katikati ya muhula wa rais unatupita kwa sababu tumelelewa kwingine. Mkenya akiingia kituoni anapewa karatasi sita kwa mpigo, kuanzia rais mpaka mwakilishi wa wadi, siku ni moja, ya mapumziko, na kura ya kijijini inabebwa na joto la kura ya Ikulu. Mtanzania naye Oktoba anamchagua rais, mbunge na diwani kwa pamoja. Ule wa serikali za mitaa, unaotangulia kwa mwaka mmoja, semeni kweli, wangapi hapa waliwahi kuupangia foleni? [Vicheko.] Haya. Hapa Marekani wameyagawa. Mwaka mmoja rais, miaka miwili baadaye hakuna rais. Na Texas, tangu 1974 gavana alipoanza kuchaguliwa kwa miaka minne badala ya miwili, anachaguliwa daima katika ule mwaka usio na rais. Mkuu wa kaunti vilevile.

Mkuu wa kaunti cheo chake kinaitwa Jaji wa Kaunti. Jina lisiwazuge. Hapa Harris huyo hakai mahakamani kusikiliza kesi. Anaongoza baraza la watu watano, yeye na makamishna wanne, wanaopanga kodi ya nyumba, jela, hospitali ya umma, barabara zilizo nje ya jiji, na mifereji ya mafuriko. Kimbunga kikija, yeye ndiye mkuu wa dharura. Mnakumbuka Agosti 2017, Harvey ilipotukalisha juu ya meza? Yule mzee wa televisheni aliyekuwa akituambia maji yamefika wapi, Ed Emmett, ndiye alikuwa Jaji wa Kaunti. Kwa sensa ya 2020 kaunti hii ilikuwa na watu wapatao milioni 4.7. Inashinda nchi kadhaa. Na anayeishika anachaguliwa siku ambayo wengi wetu tunadhani hakuna uchaguzi.

Lakini nisiwape picha kwamba watu wa hapa ni wavivu na ndivyo walivyokuwa siku zote. Kabla ya kumlaumu aliyebaki nje, tuuangalie mlango. Kwa miaka mingi mlango wa Texas ulifungwa kwa makusudi.

Wazee, mnaikumbuka kodi ya kichwa? Babu yangu Muheza alikuwa na kopo la biskuti lililojaa risiti za kodi. Mjerumani alishaondoka, Mwingereza akaondoka, Nyerere ameshatawala, babu bado anazo. Alikuwa akisema askari haamini mdomo, anaamini karatasi. Basi Texas nako walikuwa na kodi ya kichwa, waliyoiweka kwenye katiba yao mwaka 1902. Kwetu kodi ile ilikusudiwa kumtoa mtu shambani kwake akafanye kibarua apate fedha ya kulipa. Huku kazi yake ilikuwa kumweka mtu mbali na sanduku la kura. Dola 1.50, na kaunti iliruhusiwa kuongeza senti 25. Usipokuwa na risiti, hupigi kura. Na ulitakiwa uilipe kabla ya Januari kwisha, kwa ajili ya kura ya Novemba. Mtu wa pamba, mwenye fedha msimu wa mavuno tu, Januari anaitoa wapi? Weusi walizuiwa, Wamexico walizuiwa, na Wazungu maskini nao wakazuiwa bila kutajwa.

Hiyo ilikuwa kufuli ya kwanza. Ya pili ilikuwa kura za mchujo za weupe peke yao. Enzi hizo Texas ilikuwa ya Chama cha Democratic, mshindi wa mchujo ndiye mshindi, Novemba ilikuwa sherehe tu. Na mchujo huo mtu mweusi hakuruhusiwa kuugusa. Hapa ndipo kaunti yetu inapoingia kwenye historia ya nchi nzima. Julai 1940 daktari wa meno wa hapa Houston, Lonnie Smith, alikwenda kituoni kuomba karatasi ya mchujo, akanyimwa. Msimamizi wa kituo aliitwa Allwright. Smith akamshtaki. Wakili wake alikuwa Thurgood Marshall, huyohuyo ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kukaa katika Mahakama Kuu ya Marekani. Aprili 1944 mahakama hiyo ikaamua, majaji wanane kwa mmoja, kwamba mchujo wa weupe ni haramu. Daktari wa meno, jamani. Mtu wa kung'oa magego amefungua mlango wa kura wa Kusini nzima.

Kodi ya kichwa ikabaki palepale. Marekebisho ya katiba ya 1964 yaliifuta kwa uchaguzi wa serikali kuu, Texas ikaendelea kuitoza kwa uchaguzi wa jimbo na wa kaunti mpaka mahakama ilipoifuta mwaka 1966. Na 1966, angalieni, ulikuwa mwaka usio na rais. Mwaka huo mwanasheria mmoja kutoka mtaa wa Fifth Ward hapa Houston, Barbara Jordan, aligombea useneta wa jimbo. Alishagombea Bunge la Texas mara mbili, 1962 na 1964, akashindwa mara zote mbili, kwa sababu kura zilikuwa zinahesabiwa kaunti nzima na sauti ya mtaa wake ilizama. Kufikia 1966 mahakama zilikuwa zimelazimisha majimbo ya uchaguzi yakatwe upya, na risiti ya kodi haikutakiwa tena. Akashinda. Mtu mweusi wa kwanza katika Seneti ya Texas tangu 1883. Mwanamke yuleyule, mitaa ileile. Kilichobadilika ni mipaka na mlango.

Walipopokonywa kodi, wakatafuta njia nyingine: kila mwaka ujiandikishe upya, na dirisha linafungwa Januari 31. Tarehe ileile ya kodi! Ukisahau, umepoteza mwaka. Mahakama ikauvunja utaratibu huo mwaka 1971. Kwa hiyo uchaguzi wa 1970 bado ulifanyika kwa utaratibu huo. Mkisikia mtu anasema watu wa mitaa fulani hawana desturi ya kupiga kura, muulizeni desturi hiyo waliruhusiwa kuianza lini.

Nikirudi kwenye miaka yetu, mimi si mtu wa hesabu, lakini namba za kaunti hii nimezikariri kama watu wanavyokariri matokeo ya Simba na Yanga. Mwaka 2002 walijitokeza kama asilimia 35 ya walioandikishwa. 2006 ikashuka, 32 hivi. 2010 ikapanda mpaka 42, maana meya wetu wa zamani, Bill White, alikuwa anagombea ugavana na watu walikuwa na mtu wao. Upande wa pili nao walikuwa na hasira zao na Obama. 2014, ule usingizi wangu, 34. Gavana mpya alishinda kwa pengo la asilimia 20, na mbio zisizo na ubishi hazimwamshi mtu kitandani.

Kisha 2018. Asilimia 53.

Mliokuwepo mnakumbuka. Ted Cruz na Beto O'Rourke wanagombania useneta, mabango mpaka kwenye mageti ya apatimenti, vijana wanagonga milango wakati wa chakula. Zaidi ya watu milioni 1.2 walipiga kura katika kaunti hii, karibu idadi ileile iliyopiga kura ya rais mwaka 2012. Na hapa nawaonya kuhusu asilimia. Idadi ile ya 2012 ilikuwa asilimia 62, ya 2018 ni 53. Watu walewale kwa hesabu, asilimia tofauti, kwa kuwa katika miaka hiyo sita daftari liliongezeka kwa zaidi ya majina 300,000. Halafu asilimia zote hizi ni za walioandikishwa. Raia ambaye hajajiandikisha kabisa hahesabiwi hata kama mtoro. Mimi kabla ya kujiandikisha sikuwamo hata katika aibu. Nchi nzima mwaka huo ilikuwa hivyohivyo, haijaonekana katikati ya muhula kama ile kwa zaidi ya miaka 100.

Mwaka ule nilipiga kura yangu ya kwanza ya katikati ya muhula. Nilikwenda siku za mapema, nikitoka zamu, na viatu vya kazi miguuni. Mashine za wakati huo zilikuwa na kigurudumu cha kuzungusha kwa kidole, kama redio ya mkulima ukitafuta stesheni. Nikazungusha. Seneta, gavana, sawa. Kisha wakaanza majaji. Jaji wa mahakama hii, jaji wa mahakama ile, jaji wa rufaa, jaji wa mirathi, nazungusha tu, majina hayaishi, nyuma yangu mama mmoja anakohoa kwa makusudi. Karatasi yetu ya kura ni miongoni mwa ndefu kuliko zote nchini kwa sababu Texas majaji nao wanachaguliwa kwa vyama. Wakati huo kulikuwa na njia ya mkato, unabonyeza jina la chama mara moja, ukurasa mzima unajijaza. Wengi sana waliitumia. Chama kimoja kikafagia viti vya majaji, na wanawake weusi 17 wakaingia mahakamani kwa siku moja. Na Ed Emmett, ambaye hata wapinzani walimsifu kwa Harvey, akang'olewa na binti wa miaka 27, Lina Hidalgo, mhamiaji mzaliwa wa Colombia. Tofauti yao ilikuwa kura kama 19,000 katika zile milioni 1.2. Njia ya mkato ilikwisha kufutwa kabla ya uchaguzi wa 2020. Siku hizi unachagua mmoja mmoja mpaka mwisho.

Kabla ya Novemba hiyo ya 2018 kuna jambo moja dogo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Agosti 25, 2018, mwaka mmoja kamili tangu Harvey itue, kaunti iliwauliza wananchi kama ikope dola bilioni 2.5 za kuzuia mafuriko. Bilioni, si milioni. Walikubali kwa kura nyingi. Lakini waliokwenda kupiga kura hawakufika hata asilimia 10 ya daftari. Sisi tuliobebwa kwa mitumbwi ya majirani, mazulia tumeyatupa barabarani, siku ya kuamua mifereji tulikuwa wapi? Mimi nilikuwa kwenye ubarikio, nakiri tena.

2022 ikashuka mpaka kati ya 43 na 44. Hata hivyo watu milioni 1.1 walipiga. Hidalgo alibaki kitini kwa kura kama 18,000. Walioandikishwa wasiokwenda walikuwa zaidi ya milioni 1.4. Zile njia za mwaka wa korona, kupiga kura ukiwa ndani ya gari na vituo vya kukesha usiku kucha, sheria ya jimbo ya 2021 ilishazipiga marufuku, na mimi kama mtu wa zamu ya usiku hilo liliniuma. Vituo kadhaa viliishiwa karatasi siku hiyo, kesi zikafunguliwa, na 2023 Bunge la Texas likaifuta ofisi ya msimamizi wa uchaguzi ya Harris peke yake, kazi ikarudi kwa karani wa kaunti na ofisi ya kodi. Ubishi wa hapo ni mrefu na pilau inapoa.

Mwaka huo wa 2022 nilikuwa karani wa kituo. Kazi yenyewe ni kukaa tangu alfajiri ukitafuta majina. Kuna mama mmoja alikuja saa kumi jioni, kitenge cha Kongo, pasipoti ya Marekani mpya mkononi ikinukia. Nikatafuta jina. Halipo. Nikajaribu kuandika jina la baba mwanzo. Halipo. Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Mama, ulijiandikisha?" Akashangaa kusikia Kiswahili kwanza, kisha akasema, "Baba, si niliapa?" Alidhani kiapo cha uraia ndicho kimemwingiza daftarini. Texas haiko hivyo. Unajaza fomu, unatia saini, na uwe umeipeleka au kuitia posta angalau siku 30 kabla ya uchaguzi. Nilimpa kura ya muda, ile inayohakikiwa baadaye, huku najua haitahesabiwa. Alinishukuru sana. Bora angenitukana.

Na jingine linalotuangusha ni kuhama. Sisi ni watu wa apatimenti. Mkataba ukiisha, kodi ikipanda, tunatoka Gulfton tunaenda Sharpstown, mwakani Alief. Kila baada ya miaka miwili kaunti inatuma kadi mpya ya mpiga kura kwa posta. Ikirudi kwa kuwa umehama, jina lako linawekwa kwenye orodha ya mashaka. Hujafutwa, lakini kituoni utatakiwa kujaza karatasi ya kueleza unakaa wapi. Wengi wakiambiwa hivyo wanaogopa, wanadhani ni polisi, wanaondoka. Msiondoke, jazeni.

Lakini nisikilizeni hapa, na hili nalisema kwa ukali: asiye raia asijiandikishe. Mwenye green card bado si raia. Akikupa mtu fomu dukani kwa tabasamu, mrudishie kwa tabasamu. Kujidai raia usiye raia kunaweza kukufukuzisha nchi, na "sikujua" haisaidii. Subiri zamu yako.

(Nilipomaliza kulikuwa na maswali. Nitaandika moja tu.)

Mzee mmoja wa Bujumbura, raia tangu zamani kuliko mimi, aliuliza: "Mwanangu, karatasi ya kura hapa ina Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Kiswahili lini? Tukifika wangapi?"

Nilimjibu kwamba hata tukifika milioni, kwa sheria ilivyo, haitatokea. Sheria iliyoleta lugha hizo, ambayo Barbara Jordan mwenyewe alipokuwa mbunge huko Washington aliipigania mwaka 1975 ili Texas iingie, inataja makundi yake kwa majina: wenye asili ya Kihispania, Waasia, wenyeji wa asili wa Marekani na wa Alaska. Mwafrika hayumo. Ila sheria hiyohiyo inamruhusu asiyesoma Kiingereza kuingia na mtu amtakaye amsaidie, mradi asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi anakula kiapo, anajaza fomu yake, basi.

"Binti yangu?"

"Binti yako, mzee."

Akaomba fomu, akasema ahakikishe kama yumo. Nikampa kalamu ya wino, akavaa miwani, akaandika taratibu kwa herufi kubwa, jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani. Binti yake akachungulia begani. "Baba, hiyo si ya Gulfton? Tulihama miaka mitatu iliyopita."

Nikamletea fomu nyingine.